Tarakimu ya Nane

Walianza kutuita kwa namba kwa sababu majina yaliwaletea matata. Mara ya kwanza kampuni ilipopunguza watu, msimamizi alisoma majina, na kabla hajafika katikati watu walikuwa wameshahesabu: Waluo wangapi, Wakisii wangapi, Wakipsigis wangapi. Mawe yakaokotwa. Hapa kwetu jina la mtu linakuambia babake alizikwa wapi, na wengi wetu tunakumbuka mwaka ule nyumba za kuchomwa zilipochaguliwa kwa majina. Kwa hiyo safari hii wakubwa wakasema wataita namba peke yake. Namba haina kabila, walisema, na wakajipigia makofi.

Mimi ni Ayoo. Nimechuma chai katika shamba hili, upande wa juu wa barabara ya Litein, tangu Amondi wangu akiwa mgongoni. Sasa Amondi yuko kidato cha nne, anatoka asubuhi kwenda shule na kurudi jioni kwenye chumba chetu cha kampuni. Nina mdomo, hilo kila mtu hapa kambini atakuambia. Nimewahi kumwambia meneja mbele ya watu kwamba aproni alizotuletea hazifai hata kufunika ng'ombe. Kwa hiyo nikisema niliogopa, jueni si uoga wa kuku kukimbia kivuli cha mwewe.

Mashine za kuchuma ndizo zilizotuletea haya. Watu wawili wanaishika moja, mmoja huku na mwingine kule, inapita juu ya mistari ya chai ikinguruma, na kazi ya kundi zima la akina mama imekwisha kabla ya chai ya saa nne. Zilipofika za kwanza tulizicheka. Zilipofika nyingine tukanyamaza.

Halafu yakatangazwa maneno mawili. La kwanza: anayetaka kujitoa kwa hiari aje ofisini atie sahihi, atafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, na nyumba atakaa nayo mpaka shule zifungwe. La pili: asiyejitoa atasubiri, na namba yake ikiitwa asubuhi, anarudisha kadi papo hapo na kuondoka kambini ndani ya siku tatu.

Mtihani wa Amondi ulikuwa unakuja. Siku tatu! Ningempeleka wapi mtoto wa kidato cha nne kwa siku tatu? Kwetu ni Nyakach, na shule yake iko hapa. Kulala kwenyewe ningelala popote, hata kwenye kibanda cha mzani. Nilichotaka duniani ni kitu kimoja tu: mtoto yule apate paa na meza mpaka aweke kalamu chini.

Namba zenyewe ziko kwenye kadi zetu za plastiki, zile tunazogusisha kwenye mzani ili kilo za majani ziingie kwa mwenyewe. Tarakimu nane. Miaka yote nilikuwa nimeibeba ile kadi shingoni na sikuwahi kuisoma mpaka mwisho. Sasa naijua kuliko jina la mama mkwe wangu: 30581672.

Sijui kama mnaelewa ni kitu gani kusimama kwenye ukungu alfajiri, na gambuti zimelowa miguuni, mkisomewa namba. Msimamizi wetu Kiptum alikuwa akiletewa kwenye simu. Asubuhi nyingine haikuja hata moja, nyingine zilikuja tatu, na hakuna aliyejua siku ni ipi. Akishatoa simu mfukoni, watu wote tunainamisha vichwa kwenye kadi zetu.

"Tatu," anasema Kiptum.

Tuna tatu sote. Sifuri, sote. Tano, sote. Nane, sote. Namba za shamba letu zote zinaanza hivyo, kwa hiyo mpaka hapo kila mtu ni maiti. Ya tano ndiyo inayoanza kutenganisha. Akisema nne, unasikia watu wakishusha pumzi kwa mkupuo, na unaona wale wachache waliobaki hawajashusha. Ya sita inawaponya wengine, ya saba inawaponya karibu wote. Halafu ya nane, na mtu mmoja anaketi chini kwenye matope.

Wa kwanza kuketi alikuwa mzee Opondo, jirani yetu, aliyenifundisha kushika majani mawili na chipukizi. 30584290. Alivua kadi shingoni taratibu, akampa Kiptum, na Kiptum akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea rambirambi.

Okemwa, dereva wa trekta la majani, ndiye aliyegundua. Ni kijana anayependa mafumbo, redio ikiuliza swali yeye ndiye wa kwanza kupiga simu. Alikuwa akiandika kila namba iliyoitwa kwenye mkono wake, kuanzia kiganjani kupanda juu, na siku moja tukipakia majani akatuita mimi na Rebeccah nyuma ya trela.

Rebeccah ni Mama Priscah, mwenzangu wa mstari. Yeye ni wa hapa hapa, Mkipsigis, lakini mumewe alipofariki mashemeji walimfukuza, na kakake kule Mulot ana watoto tisa kwenye vyumba viwili. Priscah na Amondi wanasoma darasa moja, wanasomea kwenye meza moja, kwangu, kwa sababu taa yangu ndiyo nzuri.

"Angalieni hii ya mzee Opondo," Okemwa akasema. "Msisome kawaida. Someni kwa kuruka. Chukua ya kwanza, ruka, chukua ya tatu, ruka, hivyo hivyo. Tatu, tano, nne, tisa. Jumla?"

"Ishirini na moja," Rebeccah akasema.

"Sasa zile mmeruka. Sifuri, nane, mbili, sifuri."

"Kumi."

"Toa."

"Kumi na moja."

"Eeh. Hizo jumla mbili zikitoshana, au zikiachana kwa kumi na moja, hiyo namba inagawanyika kwa kumi na moja bila kubaki kitu. Sasa mimi nimetry zote." Akatunyooshea mkono uliojaa wino. "Zote zinagawanyika. Za kila mtu aliyeitwa. Na namba ya kawaida, ukichukua ovyo ovyo, ni moja tu kwa kila kumi na moja inakubali hivyo. Hii si bahati mbaya. Hivi ndivyo wanachagua."

"Kwa nini kumi na moja?" nikamuuliza.

"Mama Amondi, mimi nitajuaje? Uliza kompyuta."

Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa na habari. Mhubiri wa kanisa la bati alikuja na lake, kwamba Yuda alipotoka wanafunzi walibaki kumi na mmoja, kwa hiyo ni namba ya waliosalitiwa. Nilimwambia aende akasalitiwe huko na atuachie sisi mboga zetu kwenye moto. Watu walicheka. Nami nikacheka, halafu nikachukua kadi yangu nikaenda nayo chooni, nikafunga mlango.

Tatu, tano, moja, saba. Kumi na sita.

Sifuri, nane, sita, mbili. Kumi na sita.

Nilirudia kwa vidole. Nilirudia nikianzia nyuma, kana kwamba namba inaweza kuona aibu ikishikwa kutoka upande mwingine. Kumi na sita na kumi na sita, zimetoshana kama mabega ya ng'ombe wa kulima. Nilikaa mle chooni mpaka mtu akabisha mlango, na huyo mtu alikuwa Rebeccah, na mkono wake mmoja ulikuwa kifuani, ndani ya sweta, pale anapowekaga kadi.

"Yako imesemaje?" akaniuliza.

"Imekataa," nikasema. "Haigawanyiki. Na yako?"

"Hata yangu. Imekataa kabisa." Akatabasamu. "Mungu ni mwema."

"Wakati wote," nikamjibu, nikapita.

Kwa nini nilimdanganya? Kwa sababu ya woga tu. Mtu akijua wewe umeshahesabiwa, anaanza kukutazama kama chumba chako kiko wazi. Nilikuwa nimeona wanawake wakipima madirisha ya mzee Opondo kwa mapazia kabla hajamaliza kufunga magodoro yake. Nikaona heri nife na siri yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuishi kwenye nyumba za kampuni.

Siku zile kambi ilibadilika. Zamani kadi zilining'inia juu ya aproni, kila mtu aione. Sasa zilikuwa ndani ya nguo, zimegeuzwa, wengine wamezibandika plasta. Kwenye mzani watu walifunika kadi kwa kiganja wakigusisha. Ukimuuliza mtu yeyote, yake imekataa. Kila mmoja yake imekataa, na kila mmoja hali chakula. Okemwa mwenyewe hakusema yake inasemaje. Asubuhi moja trekta liliendeshwa na mtu mwingine, tukaambiwa Okemwa amejitoa, hakungoja hata mwisho wa mwezi, ameshachukua mizigo yake kwenda Chepilat.

Hapo nikajua. Kama mwenye hesabu amekimbia, mimi ninangoja nini?

Amondi alikuwa akiniuliza, "Mama, mbona huongei siku hizi?" Mimi na kutoongea! Alikuwa na haki ya kushangaa. Nikamwambia soma, ni jino. Ningemwambia ukweli, mtoto yule wa hesabu angeuliza swali moja dogo na mambo yangeisha. Lakini kichwa cha mtoto wa mtihani huwezi kukitia mzigo, na kila nilipoisikia simu ya Kiptum ikilia mahali, nilikuwa ninamwona Amondi amekaa juu ya godoro kando ya barabara, kitabu mapajani, mvua ya mawe ikimpiga.

Nikaenda ofisini kujitoa.

Foleni ilinishtua. Ilitoka dirishani ikazunguka jengo mpaka kwenye matangi ya maji. Watu wale wale ambao namba zao zilikuwa zimekataa! Hakuna aliyemtazama mwenzake. Tulisimama kama tuliofumaniwa. Nyuma yangu kwa watu kama kumi, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye macho, nikamwona Rebeccah. Nikageuza uso. Naye akageuza wake.

Karani wa dirishani ni Molly, msichana mstaarabu, anamwita kila mwanamke mama. Nikatia sahihi pale aliponionyesha. Akachukua kadi yangu, akaanza kupiga namba kwenye kompyuta, na kompyuta ikalia kwa ukali.

"Imekataa," akasema. "Pole, mama. Nimepindua, nimeandika saba kabla ya sita." Akapiga tena. Safari hii ikanyamaza. "Haya. Imeingia."

"Imejuaje umepindua?" nikamuuliza. Niliuliza tu, ili nisiondoke kwenye lile dirisha haraka. Kuondoka pale kulikuwa kuondoka kwenye chai.

"Hiyo ni kazi ya tarakimu ya mwisho, mama. Ni kama askari wa geti. Kompyuta inachukua zile saba za kwanza, inazipima, halafu inaweka ya nane yenye inafanya namba yote igawanyike kwa kumi na moja. Ukikosea moja, ama upindue mbili zinafuatana, haigawanyiki tena. Inajua umekosea."

Nikashika ukingo wa dirisha. "Ni namba gani hizo zimetengenezwa hivyo?"

"Zote."

"Zote za walioitwa?"

"Zote za kampuni, mama. Zangu, zako, za Kiptum, za meneja." Akainua kadi yake mwenyewe, nyekundu, ya watu wa ofisi. Nikaipima kwa macho, nikiruka. Kumi na sita. Kumi na sita. Binti ambaye hakuna mtu angemwita popote.

Hebu mniambie. Kambi ina mamia ya watu. Kila mmoja alijifungia chooni akapima namba za waliofukuzwa na yake mwenyewe, basi. Hakuna hata mmoja aliyepima ya jirani. Kadi mbili tu zingewekwa juu ya meza moja, mbili tu, tungejua.

"Molly, futa," nikamwambia. "Futa jina langu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mama, ikishaingia haitoki. Mimi sina hiyo nguvu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilitaka kulia, na nilipofungua mdomo kulia ikatoka sauti yangu ya kawaida, ile ya kumgombeza meneja. Nikageukia foleni nikavua kadi, nikaiinua juu.

"Sikilizeni! Mimi niliwadanganya. Yangu inagawanyika! Tatu sifuri tano nane, moja sita saba mbili! Na yako, wewe hapo, inagawanyika. Usinitolee macho, isome! Zote zinagawanyika, hata ya huyu msichana, hata ya meneja! Hiyo kumi na moja si chochote, ni kufuli tu ya kompyuta! Mama Priscah! Toa hiyo kitu kwa sweta, soma!"

Rebeccah alisita. Halafu akaitoa, ikiwa na joto la mwili wake, akasoma: "Tatu, sifuri, tano, nane, sita, moja, saba, moja."

"Ruka!"

"Ishirini na moja... na kumi." Akaihesabu tena kwa kidole. "Inaachana kwa kumi na moja. Mama Amondi, na uliniambia yako imekataa."

"Nawe uliniambia nini?"

Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na mwenzake wa nyuma akasoma yake, na wa nyuma yake, mpaka foleni nzima ilikuwa inasoma namba kwa sauti kama watoto wa nasari. Zote. Nikamshika Rebeccah mkono nikamtoa kwenye mstari. "Rudi kazini," nikamwambia. "Usitie sahihi kwa sababu ya hesabu ya Okemwa." Akanikumbatia. Watu wakatawanyika, wengine wakiimba, na dirisha la Molly likabaki tupu.

Jioni ile Amondi na Priscah walisoma mezani kwangu, na mimi na Rebeccah tukanywa chai ya maziwa mlangoni. Nilikuwa na uchungu wangu, lakini nyumba ninayo mpaka mtihani uishe, na rafiki yangu ana kazi yake. Nikasema basi, angalau moja limeenda vizuri.

Kulipokucha Kiptum alisimama mahali pake, na kabla ya kutoa simu alisema kitu ambacho hakuwahi kusema. "Wakubwa wamesema waliojitoa hawajatosha. Walikuwa wanategemea ile foleni ya jana." Hakunitazama mimi, lakini nililisikia neno lile likinipata.

Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata mwisho wa mstari. Rebeccah alisimama kushoto kwangu, kadi yake juu ya aproni, wazi, haoni haya tena. Mimi na wale waliotia sahihi kabla yangu tu, kati ya wote waliosimama pale, ndio tusiokuwa na cha kuogopa.

"Tatu," akasema Kiptum. "Sifuri. Tano. Nane."

Watu wote.

"Sita."

Pumzi zikashuka upande wa kulia, upande wa nyuma. Rebeccah hakushusha. Nikamtazama.

"Moja."

Sasa walibaki watu ambao ningeweza kuwahesabu kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimeisikia namba yake jana, aliisoma mbele ya watu wote kwa sababu nilimwambia aisome. Nikaanza kuomba kwa Kijaluo, Nyasaye, Nyasaye, isiwe saba.

"Saba."

Wale wengine wakalegea, wakashika viuno, mmoja akacheka kidogo kwa kuponea. Rebeccah akabaki peke yake, kichwa kimeinama kwenye kadi, kidole kikiwa juu ya tarakimu ya mwisho. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa anatumaini. Kwa nini asitumaini? Zimebaki tarakimu kumi zinazoweza kutajwa, na yake ni moja tu kati ya hizo.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama kwenye lile dirisha. Zile saba za kwanza zikishatajwa, ya nane si bahati tena, kompyuta ilishaichagua zamani, na ni moja peke yake inayokubali. Nikakumbuka asubuhi zote zile, na nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yetu siku zote: watu wameponea ya tano, ya sita, ya saba. Hakuna aliyewahi kuponea ya nane.

Kiptum alikuwa anasogeza simu karibu na macho, kioo chake kimelowa umande, anakipangusa kwa kidole gumba. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza godoro la Priscah litaingia wapi, kama tukisukuma meza ukutani, kama Amondi akilala upande wa dirisha. Nikamshika Rebeccah mkono. Ulikuwa baridi kama majani ya asubuhi.

Hakuinua kichwa. Aliuminya wangu kidogo, kunituliza mimi.

"Ngoja kwanza," akaninong'oneza. "Bado moja."